Ndoa Haipakiwi Kwenye Lori

Watu wa mji wa Grundel walipenda kuuliza, kati ya Twila Brandsma na Corliss Haugen, ni nani aliyemwoa mwenzake. Waliuliza pale kwenye kaunta ya duka la mbegu, huku wakikonyezana. Twila alikuwa na jibu moja tu.

"Tulioana. Kama watu wanavyogombana. Umewahi kuona mtu anagombana peke yake?"

Na kweli walioana, mchana kweupe, katika mahakama ya wilaya, mwaka uleule jimbo la Iowa, huko Marekani, lilipowafungulia wanawake wawili mlango wa kuoana. Twila alivaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, na Corliss alivaa suti aliyoazima kwa binamu yake. Kaka yake Twila, Darwin, alikuja na ovaroli safi akasimama shahidi, na siku nzima alisema maneno mawili: "Haya, hongera." Kwa Darwin hiyo ilikuwa hotuba.

Twila hakusoma. Aliacha shule mapema ili amwuguze mama yake, na mama alipofariki alimwachia nyumba nyeupe ya mbao yenye kibaraza. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi mahodhi ya chuma ya kulishia nguruwe, katika kiwanda cha Oltmann. Corliss alikuwa mkuu wa usafirishaji hapohapo kiwandani, mwanamke mwepesi wa akili na wa miguu, ambaye madereva wa malori walimwogopa kuliko polisi. Walikuwa wameishi pamoja miaka mingi kabla ya ndoa. Hawakuwa watu wa kushikana mikono barabarani, lakini kila mtu mjini alijua, na kwa kuwa Twila ndiye aliyepeleka sufuria ya supu kila penye msiba, watu walicheka kidogo kisha wakanyamaza.

Kisha mzee Oltmann akafa, na kiwanda kikaangukia mikononi mwa mwanawe, Trent.

Siku moja Trent aliwaita wafanyakazi wote kwenye ghala la kupakilia. Kulikuwa na maboksi ya donati mezani. Mtu asiyekuletea hata peremende mwaka mzima, ukimwona anagawa donati, shika moyo wako.

"Ndugu zangu," Trent alisema, "Iowa inamega faida yetu mpaka tunabaki mifupa. Jimbo la Tennessee wamenipa ardhi. Wamenichongea barabara. Wamesema kwa miaka kadhaa hawatanigusa kodi. Na mishahara ya watu huko jimbo halikati hata senti. Ningekuwa mjinga nisipokwenda."

Mzee Orville, fundi wa kuchomelea, alikuwa na donati mdomoni. Aliimeza kwanza.

"Baba yako alilipa kodi hizihizi, Trent, na akanunua ndege."

"Baba alikuwa na enzi zake, mzee wangu."

"Na zako ni zipi? Za kutukimbia?"

Watu walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Wachomeleaji na wapaka rangi waliachwa wote, kwani mikono ya kupaka rangi ingepatikana huko kwa bei rahisi zaidi. Waliotakiwa kuhama ni watu wa ofisi na wakuu wa idara. Twila akapoteza kazi, na Corliss akaambiwa afunge mizigo.

Ulifanyika mkutano mwingine kwa ajili ya wanaohama na wenzi wao. Bi Pruitt wa ofisi ya wafanyakazi alieleza vizuri sana: kampuni ingelipia malori, ingelipia hoteli mpaka nyumba ipatikane, na ingewakopesha fedha za kununua nyumba. Mwishoni akauliza kama kuna mwenye swali. Twila akanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Na ndoa? Nayo inahamishwa?"

Watu waliangua kicheko. Bi Pruitt naye alitabasamu, kisha alipomtambua, tabasamu likamfia.

"Mama Twila, kampuni inahamisha fanicha. Sheria hatuhamishi."

Corliss alimfinya paja chini ya meza. Walipofika nyumbani, jikoni, ndipo alipouliza.

"Kulikuwa na haja gani ya kuniaibisha?"

"Nimeuliza tu. Huko Tennessee hawaitambui ndoa yetu; sisi tutakuwa nani?"

"Tutakuwa sisi. Mimi na wewe, kama hapa. Karatasi ni karatasi, Twila."

"Kama ni karatasi tu, mbona ulilia siku ile?"

Corliss alimkumbatia kwa nyuma, akaweka kidevu begani pake, na Twila, kama wanawake wengi waliokwisha kuamua kabla ya kuombwa, akakubali. Aliuza nyumba ya mama yake. Darwin alikuja kumsaidia kushusha bembea ya kibarazani.

"Unauza kiota," alisema, "na ndege bado anaruka."

Twila alimwambia ashike vizuri ncha ya mnyororo, asije akajipiga kichwa.

Mji mpya ulikuwa na vilima, na joto la kunata kama jamu. Nyumba ilinunuliwa kwa mkopo wa kampuni, na kwa kuwa mkopo ulikuwa wa mfanyakazi, jina lililoandikwa ni la Corliss peke yake. Karani alitazama nafasi ya jina la pili, akamtazama Twila, akaiacha wazi. Fedha za nyumba ya mama zilimezwa humohumo. Twila hakulalamika. Alifua mapazia.

Mwisho wa mwezi meneja mpya, Wade Tidwell, aliwaalika wakuu wa idara kwake, kila familia ije na bakuli lake. Twila alipika maharage ya kuoka na akatengeneza jeli ya machungwa yenye karoti ndani, kama ilivyo desturi ya kwao. Kwenye uwanja wa nyuma kulikuwa na kuku wa kukaanga, mayai ya kuchemsha yaliyojazwa viini vilivyopondwa, na chai ya baridi tamu mpaka meno yanauma. Mke wa Wade, Loretta, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, aliwajia mikono imefunguliwa.

"Karibuni jamani! Wewe ndiye Corliss? Mume wangu anakusifia mpaka nakaribia kukuchukia! Na huyu mwenzio ni nani?"

Corliss alikuwa na sahani mkononi. Alimtazama Wade, ambaye alikuwa shemasi kanisani, na mchungaji aliyekuwa amekaa karibu naye akipepea nzi. Twila aliuona ulimi wa Corliss ukigusa meno, ukarudi.

"Dada yangu," Corliss alisema.

Sasa, watu wa Iowa wana adabu moja ambayo imewaponza wengi. Hawamsahihishi mtu mbele ya meza ya wenyeji. Ukitiliwa chumvi kwenye kahawa badala ya sukari, unakoroga, unakunywa, unasema asante. Twila alilelewa hivyo. Neno lile lilimchoma, na papo hapo mdomo wake ukafanya kama ulivyofundishwa.

"Dada mkubwa," akasema. "Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga kamba za viatu."

Wote wakacheka. Loretta akamshika mkono akampeleka kwenye kivuli, na kabla jua halijapungua Twila alikwisha kumsimulia kuhusu mama yao, jinsi alivyowakimbiza na mwiko siku za kufua. Mama alikuwa wake peke yake. Corliss alimpata bure.

Ndani ya gari Twila aliuliza, "Dada, Corliss?"

"Huku wanaweza kunifukuza asubuhi, na sheria ikawafungulia mlango wa kunitolea. Iowa wasingethubutu. Nipe muda tu."

"Muda gani?"

"Mpaka wanizoee."

Waliwazoea, tena kupita kiasi. Dada Twila akawa dada wa mji. Mke wa dereva akijifungua, aliitwa Dada Twila. Mtu akifiwa, bakuli lake ndilo lililotangulia. Loretta alikuja karibu kila siku, akakaa jikoni na kumtafutia mume.

"Shoga yangu, unapika hivi, una nguvu hivi, na hujaolewa? Wanaume wa kwenu ni vipofu?"

"Mimi nimetosheka, Loretta."

"Hakuna mwanamke aliyetosheka. Kuna aliyekata tamaa tu. Sikiliza, Hoyt Crabtree amefiwa na mkewe. Ana meno yake yote na trekta mbili."

"Na mimi nifanye nini na trekta mbili?"

"Utaendesha moja, yeye nyingine. Ndiyo ndoa hiyo!"

Hoyt alileta nyanya. Alileta mahindi. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, mtu mwema asiye na hatia, na Twila alimpa kahawa akamrudisha kwake kila mara. Corliss alipokuwa nyumbani alicheka mpaka akakaa chini, na Twila akacheka naye. Siku hizo bado walicheka pamoja.

Lakini neno ulilolala nalo mdomoni haliachi kushuka kifuani. Kwa kuwa wageni walikuwa wengi, Corliss alihamishia nguo zake chumba cha pili, ili Loretta akipita kwenda kunawa asione kitanda kimoja. Kisha akahamia yeye mwenyewe. Alianza kurudi kwa kuchelewa. Mkono wake, ambao zamani ulimtafuta Twila usingizini, ukawa wa kupokea sahani na kurudisha sahani.

Asubuhi moja ya Jumapili walikuwa peke yao jikoni. Hapakuwa na mgeni, hapakuwa na jirani, hata redio ilikuwa imezimwa. Corliss alikuwa anasoma gazeti. Bila kuinua macho akasema, "Dada, nipe chumvi."

Twila alimpa chumvi. Alisubiri acheke. Corliss alifunua ukurasa.

Kulikuwa na mtu, bila shaka. Daima kuna mtu. Alikuwa mwanamke wa mji wa Knoxville aliyefundisha kuogelea, kijana kuliko wote wawili. Corliss alieleza yote kwa ukweli, sifa hiyo apewe. Alisema anataka kuishi naye, alisema nyumba itabidi iuzwe, na alisema atampa Twila kitu cha kuanzia maisha.

Twila alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anamenya viazi, na hakuacha kumenya.

"Haya," akasema. "Basi twende mahakamani tukaachane kama watu."

"Tuachane nini, Twila?"

"Tulioana."

"Iowa. Hapa hatujaoana. Hapa hakuna cha kuvunja." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekuambia mvua imekatika. "Unaona? Ni rahisi hivyo. Hatuna haja hata ya wakili."

Hapo ndipo kisu kilipoanguka.

Kuachwa si jambo geni. Wanawake wameachwa tangu dunia iumbwe; wanaangua kilio, wanafunga kanga zao au koti zao, wanarudi kwao. Lakini aliyeachwa anajua ameachwa. Ana neno lake. Twila aliambiwa hakuachwa, kwa kuwa hakuwahi kushikwa. Miaka yote ile, lile gauni la kijani, nyumba ya mama iliyouzwa, vyote vilikuwa vya mpangaji aliyekawia. Kuanzia siku hiyo alitaka kitu kimoja tu duniani. Nyumba hakuitaka, wala Corliss mwenyewe hakumtaka tena. Alitaka talaka.

"Niliolewa mchana," alimwambia wakili. "Na niachwe mchana."

Wakili alikuwa mzee aitwaye Stallings, mwenye ofisi juu ya duka la misumari. Alivua miwani akaifuta muda mrefu.

"Mama, umeleta mguu uliovunjika kwa daktari asiyeamini kwamba watu wana miguu. Jimbo hili, ili livunje ndoa yako, lazima kwanza likiri kwamba ipo. Na limeapa halitakiri."

"Na Iowa?"

"Iowa wanakubali ipo. Lakini mwenzako haishi huko, na wewe huishi huko. Watakutaka ukae kwao mwaka mzima kwanza."

"Kwa hiyo kule nina ndoa lakini siwezi kuachwa, na hapa naachwa lakini sina ndoa."

"Ningepeleka maneno hayo kwa jaji kama yalivyo," Stallings alisema. "Tutashindwa, lakini ningeyapeleka."

Wakayapeleka.

Siku ya kesi Corliss alivaa blauzi ya bluu ambayo Twila alimpigia pasi mara nyingi. Wakili wake, kijana mwenye haraka, hakutosheka na kusema sheria haiitambui ndoa ile. Alitaka kuonyesha kwamba hata wenyewe hawakuishi kama watu waliooana. Akamwita Loretta Tidwell.

Loretta aliapa. Alikuwa amevaa kofia ya kanisani.

"Unawafahamuje hawa wawili?"

"Ni ndugu. Corliss na dada yake mkubwa."

"Nani alikuambia ni ndugu?"

"Twila mwenyewe. Amenisimulia mpaka mama yao, jinsi alivyokuwa anawakimbiza na mwi..."

Loretta alimtazama Twila, akamtazama Corliss, akarudi kwa Twila, na uso wake ukabadilika polepole kama wa mtu aliyekaa kwenye kiti kisha akasikia kinapasuka. Hakuna aliyekuwa amemweleza kesi inahusu nini hasa. Aliambiwa tu ni ugomvi wa nyumba.

"Ee Yesu," akasema. "Na mimi nilimletea Hoyt."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Jaji akagonga meza. Alikuwa mtu mpole, mwenye mvi, na alimgeukia Twila kwa heshima.

"Bi Brandsma, ni kweli ulisema hivyo?"

"Nilisema, mheshimiwa."

"Kwa nini, kama ulikuwa mke wake?"

Twila alitafuta jibu ambalo mtu wa Tennessee angelielewa. Hakulipata.

"Tulikuwa kwenye meza ya watu," akasema.

Corliss aliinamisha kichwa. Yeye alielewa, alikuwa wa Iowa naye.

Jaji alisema hawezi kuvunja chungu ambacho sheria ya jimbo lake inasema hakikufinyangwa kamwe. Twila akaomba, basi, waandike kwamba hakuolewa, ajue moja. Jaji akasema hilo nalo si lake kuandika, ni la Iowa. Akamtakia heri. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulimwacha Twila palepale alipomkuta, si mke, si mtalaka.

Nje kwenye ngazi Loretta alimfuata mbio, kofia imekaa upande.

"Ungeniambia, Twila! Mimi nilikuwa rafiki yako!"

"Ningekuambia, ungenialika tena?"

Loretta aliivua kofia ile. Machozi yalimtoka.

"Sijui," akasema. "Mungu ndiye anayejua. Mimi sijui."

Lilikuwa jibu la kweli kuliko yote aliyopewa katika mji ule, na Twila alimshika mkono kidogo kabla ya kushuka.

Alirudi Iowa akakaa kwa Darwin, katika chumba cha chini kilichonukia viazi. Mchana alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchinja bata mzinga, akisimama kwenye maji baridi mpaka vidole vikakosa hisia. Akipita mbele ya ghala la Oltmann aliona madirisha yamevunjwa na majani yameota kwenye njia ya malori. Watu walimwuliza habari za Corliss, na aliwajibu, "Ni mzima." Ndiyo jibu la mke ambaye mwenzi wake yuko safarini. Majira yakapita yote, theluji ikaja ikayeyuka, mahindi yakapandwa yakavunwa, na Twila akawa amekaa vya kutosha.

Siku ile Darwin alimpeleka na pikapu, akabaki nje na injini inaunguruma. Ilikuwa mahakama ileile ya wilaya. Kiti cha Corliss kilikuwa kitupu. Alikuwa ametuma neno kupitia wakili kwamba hapingi chochote. Jaji alikuwa mwanamke kijana. Alisoma jina la Twila na la Corliss, moja baada ya jingine, akawaita wanandoa, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu asomaye bei ya mayai.

Twila alifumba macho. Kwa neno hilo alikuwa amesimama kwenye maji baridi mwaka mzima.

"Bi Brandsma," jaji akasema, "sheria inanitaka nikuulize. Je, ndoa yenu imevunjika kiasi kwamba hakuna tena tumaini la kuiokoa?"

Swali lilikuwa dogo. Alikuwa amelijua tangu mwanzo, wakili wa hapa alikwisha kumweleza, na jibu lilikuwa neno moja. Lakini ndoa ilikuwa imetajwa sasa hivi tu. Ilikuwa imerudi chumbani, nzima, yenye majina mawili, baada ya kukataliwa kila mahali, na yeye ndiye aliyetakiwa kuiua kwa mdomo wake.

Jaji alisubiri. Karani aliacha kuchapa. Nje, Darwin alipiga honi mara moja, kwa bahati mbaya labda, akiegemea usukani.

"Bi Brandsma? Unahitaji muda?"

"Hapana, mheshimiwa," Twila alisema. Alishika ukingo wa meza. "Imevunjika."

"Na tumaini?"

"Hakuna."

Karani akaendelea kuchapa.

Alipotoka, Darwin alimfungulia mlango wa pikapu kwa ndani.

"Imekwisha?"

"Imekwisha."

"Twende tukale, basi."

"Nenda," Twila alisema. "Nitakukuta. Acha nikae hapa kwenye ngazi kwanza."

Darwin alimtazama, akazima injini, akakaa ndani ya gari akiangalia mbele, mpaka dada yake alipomaliza kulia.